Kamera ya zawadi: Delta yataka inayostahimili chumvi

KIBITI: Mume wa Delta ya Rufiji anayetaka kumzawadia mkewe kamera ya dijitali kwa fedha za msimu wa kamba hana budi kufikiria chumvi kabla ya rangi ya boksi.

Mashua zinazotoka Nyamisati kwenda vijiji vya mikokoni hurushiwa maji, na unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi. Kamera ndogo ya kawaida, ambayo lenzi yake hutoka na kurudi, huingiwa na mchanga ikakwama. Olympus TG-6, iliyotolewa mwaka 2019, huhimili maji hadi kina cha meta 15 na huchajiwa kwa waya wa USB, jambo lenye nafuu penye sola. Bei yake lakini ni ya juu.

Anayenunua mtumba Kariakoo apige picha ya ukuta mweupe: doa linalojirudia mahali pale pale ni dalili ya ukungu au vumbi. Adai pia risiti na dhamana, kwani kurudi kulalamika ni nauli ya mashua na ya basi.

Mke naye aulizwe. Akikusudia kupiga picha za harusi kwa malipo, zawadi itarudisha gharama. Za watoto tu, simu nzuri yatosha.