Asili na Zao: Kufundisha Utegemezi wa Mafaili katika Ujenzi wa Programu

Mwanachuo anayejifunza kuandika programu za kompyuta huelewa upesi kwamba maandishi yake hugeuzwa kuwa kitu kinachoweza kuendeshwa na mashine. Analochelewa kulielewa ni kwamba baadhi ya maandishi yanayogeuzwa hayakuandikwa na mtu, bali yametolewa na programu nyingine. Katika makala haya maandishi ya mtu tutayaita asili, na yaliyotolewa na programu tutayaita mazao. Tunakusudia kueleza namna tunavyoona somo hili linafaa kufundishwa katika vyuo vya Unguja.

Tunashauri mwalimu aanze na kitabu cha maksi. Kutokana na kitabu hicho hutengenezwa orodha ya darasa, na kutokana na orodha hutengenezwa ripoti za wazazi. Tuseme mwanafunzi amepata 64 lakini akaandikiwa 46, na mwalimu akasahihisha ripoti peke yake. Mzazi ataridhika siku hiyo. Ripoti zitakapotolewa upya kutoka kitabuni, 46 itarejea, na huenda safari hii asiwepo wa kuikumbuka. Wanafunzi waulizwe: pahala pa kusahihisha palikuwa wapi? Wakishajibu, wameipata kanuni ya kwanza: zao halisahihishwi kwa mkono, husahihishwa asili yake, kisha zao likatolewa upya.

Kanuni ya pili ni ya mpangilio, na mfano wake uko katika kuta za Mji Mkongwe. Mawe ya matumbawe huchomwa kwa kuni, yakamwagiwa maji, ikapatikana chokaa. Chokaa ikachanganywa na mchanga na udongo. Ndipo fundi akajenga na kupiga lipu. Wanafunzi wachore kila kitu kwa jina lake na mishale inayoonyesha kipi kinategemea kipi. Mfano huu una kikomo, na mwalimu asikifiche. Ukuta ukishasimama, jiwe lililobaki machimboni haliugusi tena. Katika kompyuta asili ikibadilika, kila kilichotokana nayo huhesabiwa kimechakaa.

Programu iitwayo Make, iliyotungwa na Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976, huvitambua vilivyochakaa kwa kulinganisha nyakati. Kila kanuni yake hutaja zao, vitu ambavyo zao linavitegemea, na amri ya kulitoa. Asili ikiwa imebadilishwa baada ya zao kutolewa, amri huendeshwa, vinginevyo huachwa. Mathalani Yacc, iliyotungwa na Stephen Johnson katika maabara hiyo hiyo, husoma sarufi iliyoandikwa na mtu na, ikiamriwa, hutoa mafaili mawili ya lugha ya C: y.tab.c na y.tab.h. Faili lolote linaloitumia y.tab.h haliwezi kutafsiriwa kabla haijakuwapo. Mwanafunzi akisahau kuutaja utegemezi huo, ujenzi waweza kufaulu mara nyingi maadamu kazi zinafanywa moja baada ya moja, kwa kuwa mpangilio umesadifu tu kuwa sawa. Kazi zikifanywa kadhaa kwa pamoja, ujenzi utaanguka leo na kesho usianguke. Kosa la namna hii ndilo linalowavunja wanafunzi moyo kuliko yote. Ni bora mwalimu alitege darasani kwa makusudi, kuliko wakutane nalo kazini pasipo wa kuwaelekeza. Kuhusu amri moja kutoa mafaili mawili, Make ya GNU ilipata namna ya kulieleza jambo hilo katika toleo la 4.3 la mwaka 2020.

Lakini funzo lenye uzito zaidi kwetu ni la umeme. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme unaoletwa kwa kebo ya chini ya bahari, na mwaka 2008 ilikuwa imepatwa na mkasa kama huo kwa takriban mwezi mmoja. Kebo kubwa zaidi iliunganishwa mwaka 2013. Hata hivyo, kukatika kwa dakika moja tu kunatosha kuharibu kazi. Umeme ukikatika zao likiwa nusu, hubaki faili pungufu lenye saa mpya kuliko asili yake, na Make itakaporudi italiona limekamilika. Dawa yake ni kuandika zao kwa jina la muda, na kulipa jina lake halisi baada ya amri kumalizika salama. Kadhalika mashine ambayo betri yake ya saa imekufa huweza kurejea tarehe ya zamani kila izimwapo. Asili iliyohaririwa humo huonekana kongwe kuliko zao, na haijengwi.

Kila zao lianze na mstari unaotaja asili yake na kumwonya msomaji asilihariri. Mtihani tunaoupendelea ni wa vitendo. Mwanafunzi afute mazao yote na kujenga kutoka asili pekee. Ajenge mara ya pili, ambapo pasiwe na amri hata moja inayoendeshwa. Kisha abadili asili moja, na kabla ya kujenga tena aandike karatasini ni mazao gani yatakayotolewa upya.