Kutoka Riwaya hadi Filamu: Verne na Méliès

Katika uchunguzi wa fasihi, tafsiri na utohozi huchanganywa mara kwa mara. Mfasiri huhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. Mtohozi huhamisha kisa kutoka sanaa moja hadi nyingine. Filamu fupi ya Mfaransa Georges Méliès, « Deux cents milles sous les mers » (1907), yaonyesha waziwazi kazi hiyo ya pili.

Chanzo chake ni riwaya ya Jules Verne, « Vingt mille lieues sous les mers », iliyotolewa sehemu kwa sehemu kuanzia 1869 hadi 1870. Jina hilo huwapotosha wasomaji wengi, hata wanaokijua Kifaransa vizuri. Lieue moja ni kilomita 4 hivi. Basi lieue 20 000 ni kilomita 80 000. Kipimo hicho hakiwezi kuwa kina cha bahari, kwa kuwa kipenyo cha dunia ni kilomita zipatazo 12 700 tu. Ni urefu wa safari iliyofanywa chini ya maji.

Badiliko kubwa zaidi lahusu wahusika. Kwa Verne, msimulizi ni profesa Aronnax, mtaalamu wa viumbe, naye Kapteni Nemo aiongoza nyambizi Nautilus. Kwa Méliès, mahali pao pameshikwa na mvuvi aliyechoka. Analala, anaota yumo katika nyambizi, anakutana na viumbe vya ajabu vya baharini, kisha anaamka.

Je, huko ni kuisaliti riwaya? La. Filamu bubu ya dakika chache haiwezi kubeba orodha ndefu za samaki wala mazungumzo ya Nemo. Ndoto, kinyume chake, haidai maelezo. Tena Méliès alikuwa mfanya mazingaombwe, mwenye ukumbi wa Robert-Houdin mjini Paris tangu 1888. Ustadi wake ulikuwa hila za macho na mandhari ya kuchora. Verne alimfundisha msomaji bahari. Méliès alimfanya mtazamaji aiote.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayetaka kupeleka hadithi ya Kiswahili jukwaani au katika filamu asihesabu tu yaliyoachwa. Achunguze yaliyobakizwa, na sababu ya kubakizwa kwake.