Je, Wajua? Kuezua Nako Kuna Bei

Je, wajua kwamba fundi wa paa ana kazi mbili za kuuza, kuezua na kuezeka? Wenye nyumba wengi hupatana naye bei ya ile ya pili tu. Ubishi huanza yeye akiwa juu na nyundo mkononi.

Na je, wajua kwamba paa ni pana kuliko nyumba? Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina sakafu ya mita za mraba 80. Ongeza upenu wa nusu mita kila upande, uinamishe paa nyuzi 30, unapata kama mita za mraba 114. Anayelipwa kwa mita atadai hizo 114, na haki ni yake.

Paa hilo likiwa la bati jembamba, halifiki nusu tani. Likiwa la vigae vya udongo, ni karibu tani 5, na vyote hushushwa kwa mkono. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, la kipimo cha 5.9, liliwakumbusha watu wa Bukavu, nchini Kongo, na wa Cyangugu, nchini Rwanda, nini maana ya kulala chini ya vitu vizito.

Bei hutegemea pia kilicho chini ya paa. Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kuna kituo cha utafiti kilichojengwa na IRSAC, taasisi ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1947. Leo kituo hicho kinaitwa CRSN. Ndani mna maktaba, mimea iliyokaushwa na wadudu waliohifadhiwa. Kuezua juu ya hazina ya namna hiyo si kuezua jiko: kuna turubai, kuna kuhamisha makabati, na kiangazi chenyewe ni Juni hadi Agosti tu. Mvua moja ya Septemba ni hasara kubwa kuliko malipo ya fundi.

Je, wajua paa ghali zaidi kuondoa ni lipi? Ni lile la saruji yenye asbesto, ambalo wengi hulijua kwa jina la Eternit, uvumbuzi wa Ludwig Hatschek wa Austria, mwaka 1901. Likiwa zima halina maneno. Ukilipiga nyundo au msumeno hutoa vumbi la nyuzi zisizoonekana, na saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Kwa hiyo hulowanishwa, hufunguliwa bila kuvunjwa, hufungwa kwenye plastiki na kuzikwa. Barakoa, plastiki, gari, shimo: vyote ni pesa. Ng'ambo ya mto Ruzizi kutoka Bukavu, serikali ya Rwanda iliamua mwaka 2009 kuyaondoa mapaa hayo nchi nzima, na yaliyohesabiwa yalizidi mita za mraba milioni 1.5. Usikubali kijana yeyote ayavunje kwa bei ya chai.

Bati kuukuu, kinyume chake, lina mnunuzi: jiko, banda la mbuzi, uzio. Mafundi wengine hupunguza bei wakiachiwa mabati, mradi msumari ung'olewe taratibu, kipande cha ubao kikiwekwa chini ya nyundo.

Msomaji, kabla ngazi haijaegemezwa ukutani, andikeni wewe na fundi: nani anaezua, nani anabeba, mabati ya zamani ni ya nani, na mbao zikikutwa zimeliwa na mchwa, nani analipa.