Unawapeleka watoto Unguja? Anza na kalenda ya mwezi, hoteli baadaye

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wengi wa Dar es Salaam na mikoa ya jirani huanza kupiga hesabu za kuvuka maji. Unguja, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika pwani ya Tanzania, kiko karibu saa mbili tu kwa boti iendayo kasi. Huko mtoto ataona kima asiyepatikana porini kokote duniani nje ya visiwa vya Zanzibar, kobe wakubwa, pomboo na mchanga mweupe wa kuchezea hadi achoke.

Tatizo ni kwamba familia nyingi hupanga safari kwa picha za hoteli. Kwenye picha bahari imejaa, ya bluu. Familia inafika ufukweni saa nne asubuhi, inakuta maji yamekimbia karibu kilomita nzima. Watoto wanayafuata pekupeku juu ya mawe na miiba, wazazi wamebaki nyuma wakipiga picha, na baada ya muda maji yanaanza kurudi. Hapo ndipo likizo huweza kugeuka safari ya hospitali.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kulipia chumba, jua maji yatakuwa wapi siku mtakazokuwa kule.

Bamvua au maji mafu?

Wavuvi wa pwani wanalijua hili bila kuangalia simu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Katika siku hizo, kwa kawaida maji ya Unguja hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa saa kumi jioni au baada kidogo. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe, ndiko maji hukimbia mbali zaidi.

Mwezi unapokuwa nusu, takriban tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 za mwezi mwandamo, huja maji mafu. Bahari haipandi wala kushuka sana, mikondo hupungua nguvu, na maji hujaa asubuhi, wakati ambao watoto wana nguvu na jua halijawa kali. Kama mna watoto wadogo, hiyo ndiyo wiki ya kuchagua. Kumbuka pia kwamba saa za kujaa na kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, hivyo ratiba ya jana haifai leo.

Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali na mnaweza kuogelea karibu muda wote. Lakini maana yake ni kwamba kina kiko karibu na ufukwe. Mwezi Juni upepo wa kusi nao huwa umeshika, na pwani ya mashariki huwa na mawimbi na upepo kuliko upande wa magharibi.

Umbali wa mkono

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo uko majini, hana pumzi ya kuita, na anaweza kutoweka wakati mzazi anajibu ujumbe mmoja wa simu.

Kanuni ni rahisi: mtoto asiyejua kuogelea awe ndani ya umbali wa mkono wa mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina. "Sote tunawaangalia" mara nyingi humaanisha hakuna anayewaangalia. Pokezaneni kila baada ya nusu saa, na mwenye zamu aweke simu kando. Maboya ya kujaza pumzi ni vitu vya kuchezea, hayaokoi maisha.

Mkienda Kizimkazi kuona pomboo, uliza jaketi okozi za saizi ya watoto kabla ya kulipa. Kama zilizopo ni za watu wazima tu, tafuta chombo kingine. Tazameni pomboo mkiwa ndani ya boti, na mkatae nahodha anayetaka kuwafukuza.

Wanyama tusiowagusa

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, iko njiani kuelekea Paje. Hapo ndipo wageni wengi humwona kima punju mwenye mgongo mwekundu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 ilikuta kima punju zaidi ya 5,800 Unguja.

Mwambie mtoto mapema kwa nini hatampa ndizi. Tumbo la kima punju lina vyumba vya kuchachua majani na matunda mabichi, na sukari ya tunda bivu humvuruga. Kitakachomfurahisha mtoto zaidi ni kusikia kwamba kima hawa hula mkaa. Watafiti wanaeleza kuwa mkaa huwasaidia kukabiliana na sumu iliyo kwenye majani ya miti kama mkungu na mwembe.

Kuna sababu ya kiafya pia. Mafua yetu yanaweza kuwaambukiza kima, hivyo mtoto mwenye homa au kikohozi asubiri siku nyingine. Na mnyama yeyote akimng'ata au kumkwaruza mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kisiwani Changuu kuna kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Kobe hubeba bakteria wa salmonela bila kuumwa, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio huathirika zaidi. Wakishawagusa, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula chochote.

Mfuko wa dawa

Maambukizi ya malaria Zanzibar yamekuwa chini ya asilimia moja kwa miaka mingi, lakini hayajaisha, na miezi ya baada ya masika ni ya mbu. Lala ndani ya chandarua. Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kupaka ya kufukuza mbu ni ya kutwa nzima. Mtoto akipata homa, mpe paracetamol kulingana na uzito wake, apimwe malaria, na usimpe aspirini, ibuprofen wala diclofenac hadi dengi iondolewe kwenye hesabu.

Beba pia pakiti za ORS na vidonge vya zinki, kibanio cha kutolea miiba, losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, kofia, na viatu vya kuvaa majini. Ngozi nyeusi nayo huungua. Mtoto wa chini ya miezi sita akae kivulini.

Mtu akichomwa na miiba ya baharini, au akikanyaga samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe, loweka mguu kwenye maji ya moto ambayo mtu mzima ameyapima kwanza kwa mkono wake, kwa dakika 30 hadi 90. Maumivu hupungua. Kwa huyo samaki, hospitali ni lazima.

Jua hospitali iko wapi kabla hujaihitaji. Hospitali kuu ya rufaa, Mnazi Mmoja, iko mjini, na kutoka Nungwi ni mwendo wa zaidi ya saa moja. Kama unatumia bima, piga simu uulize kama itapokelewa Zanzibar na katika vituo gani.

Siku nne zinatosha

Siku ya kwanza vukeni na mpumzike mjini. Siku ya pili pitieni Jozani asubuhi, kisha mwende pwani ya mashariki. Siku ya tatu iwe ya bahari, kwa kufuata saa za maji. Siku ya nne rudini mjini, mwende Changuu, kisha mpande boti.

Mkisharudi, mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja, mwambie daktari kwamba mlisafiri. Taarifa hiyo humsaidia kuchagua vipimo sahihi mapema.