BIM: Teknolojia inayomaliza ugomvi wa mabomba kabla ya ujenzi kuanza

Ukifungua dari ya hospitali kubwa utashangaa vitu vilivyobanana mle ndani. Kuna mabomba mapana ya hewa ya viyoyozi, maji safi, maji taka, maji ya kuzimia moto, gesi ya oksijeni na nyaya za umeme. Kazi hizo wamegawana wakandarasi tofauti, lakini nafasi ni hiyo hiyo moja.

Sasa nani apite wapi? Bila mpango wa pamoja, aliyewahi saiti anafunga vyake, aliyechelewa atajua mwenyewe. Mwisho wake ni kubomoa, kukata upya na kuvutana kuhusu nani alipe.

BIM ni kitu gani?

Ni njia ya kulijenga jengo kwanza kwenye kompyuta, kwa pande tatu. Si picha tu: kila bomba lina taarifa zake, kama kipenyo, urefu na limetengenezwa kwa kitu gani. Revit ya kampuni ya Autodesk ni moja ya programu zinazotumika sana.

Kila mkandarasi analeta modeli yake, zinaunganishwa, kisha programu inaonyesha vitu vinapogongana. Bomba likikatiza kwenye boriti, linasogezwa kwenye skrini kabla halijanunuliwa.

Nani anampisha mwenzake?

Mara nyingi maji taka hupewa njia kwanza, kwa sababu yanategemea mteremko. Bomba likishuka sentimita 1 kila mita, baada ya mita 20 limeshuka sentimita 20. Maji yanayosukumwa na pampu yanaweza kupanda na kukwepa.

Faida iko wapi?

Mwaka 2011, serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa ifikapo 2016 miradi ya serikali kuu itatumia BIM. Lakini kwa mkandarasi wa mabomba, faida kubwa iko karakana. Modeli ikikubaliwa, mabomba yanakatwa na kuchomelewa huko, kisha yanafika saiti yakiwa tayari kufungwa. Fundi anachomelea mezani, siyo juu ya ngazi.

Hatari yake je?

Modeli haijui kama zege limemwagwa tofauti na mchoro. Ukuta ukisogea sentimita 5, vipande vyote vilivyokatwa kwa ajili ya chumba hicho vinaweza kukataa kuingia. Ndiyo maana wengine hupima jengo kwa skana ya leza kabla ya kukata.

Kuna na suala la pesa. Programu, kompyuta zenye nguvu na mchoraji vinalipiwa mwanzoni, kabla bomba hata moja halijafungwa. Mkandarasi mdogo asipoviweka kwenye bei ya zabuni, vinamla yeye. Na mkataba useme wazi: nani anasahihisha modeli, na vitu vikigongana saiti, nani analipa.