Ada ya India: Akaunti mpya haibebi mzigo wote

MZAZI wa Karatu anayempeleka mtoto kusoma Pune, Bangalore au Delhi huumiza kichwa na mambo mawili: bei ya vitunguu vya Mang'ola na bei ya dola. Lipo la tatu linaloweza kumgharimu zaidi, nalo ni akaunti ya benki ya mtoto huko India na kiasi inachoruhusiwa kupokea katika siku 30 za mwanzo.

Kwa masharti ya Benki Kuu ya India, mwanafunzi wa kigeni hufunguliwa akaunti ya rupia iitwayo NRO. Huanza na pasi yenye viza na mhuri wa uhamiaji, picha, na barua ya chuo ya kumpokea. Anwani ya India si lazima awe nayo siku hiyo, kwani hupewa siku 30 kuileta. Lakini katika siku hizo fedha zinazoingia kutoka nje hazitakiwi kuzidi Dola 1,000 za Marekani, na anachotoa kwa mwezi kisizidi rupia 50,000, mpaka anwani ihakikiwe.

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyeuza mzigo wake na kununua Dola 3,000 kwa ajili ya ada na matumizi. Akizituma zote kwa mkupuo katika akaunti hiyo changa, Dola 2,000 zimezidi. Zinaweza kuzuiliwa, au kurudishwa zikiwa zimekatwa gharama njiani. Zikirudi Karatu na kugeuzwa shilingi, benki itazichukua kwa bei ya kununulia, ilhali yeye alizinunua kwa bei ya kuuzia. Wakati huo chuo kinadai ada.

Dawa yake ni kutenganisha fedha. Ada itoke Karatu moja kwa moja hadi akaunti ya chuo, kwa jina na namba zilizo kwenye ankara ya chuo, na mtoto atumiwe ya kula na nauli tu. Matawi ya CRDB, NMB na NBC yapo Karatu mjini, hakuna haja ya kwenda Arusha. Mzazi abebe barua ya chuo, ankara na nakala ya pasi, na aandike wazi kwamba ni ada ya masomo.

Kwenye fomu ya kutuma kuna kipengele ambacho wengi wanaoagiza bidhaa nje wanakifahamu: nani analipa gharama za benki za kati. Ukichagua OUR, mtumaji anabeba zote. Ukichagua SHA, hugawanywa, na chuo kinaweza kupokea pungufu kisha kumwandikia mwanafunzi deni la dola 20 au 30. Deni dogo, lakini usumbufu wake si mdogo.

Karatasi inayofungua mlango wote ni barua ya bweni au mkataba wa chumba. Benki huipokea kama ushahidi wa anwani, na ofisi ya uandikishaji wa wageni, FRRO, ambako mwenye viza ya masomo ya zaidi ya siku 180 hutakiwa kujiandikisha ndani ya siku 14 tangu afike, nayo hutaka kujua anakaa wapi. Mtoto aiombe siku ya kwanza chuoni. Aidha, jina la akaunti lifuate pasi herufi kwa herufi, maana fedha iliyotumwa kwa jina la nyumbani inaweza kukwama.

Kuhusu dola yenyewe, uhuru wa kuinunua ulikuja na Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992, na tangu hapo hatari ya bei imekuwa ya mnunuzi. Septemba 2024 dola ilikuwa juu ya Sh 2,700/=, na kufika mwisho wa Desemba mwaka huo ilikuwa chini ya Sh 2,500/=. Kwa Dola 3,000, tofauti hiyo inazidi Sh 600,000/=. Wenye kambi na magari ya kupeleka wageni Ngorongoro wana nafuu, kwa kuwa msimu wao wa Juni hadi Septemba unakutana na mwanzo wa mihula ya Julai na Agosti. Muuza vitunguu hana bahati hiyo, hivyo ni heri anunue kidogo kidogo kila auzapo kuliko kusubiri wiki ya safari.

Fedha taslimu mfukoni pia ina mpaka. Anayeingia India na noti za kigeni zinazozidi thamani ya Dola 5,000 lazima azitangaze forodhani. Mwanafunzi hahitaji kubeba kiasi hicho. Dola mia chache na kadi ya benki ya nyumbani vinatosha kumvusha mpaka akaunti ifunguke, ingawa kila akitoa kwa kadi hiyo atakatwa ada, kwa hiyo asiitegemee muhula mzima.