Mlio wa Sikio Moja Usiupuuze

Leo tuzungumze juu ya mlio wa sikioni.

Tuseme kuna mama auzaye ndizi sokoni Birongo. Usiku watu wakilala, sikio lake la kushoto huvuma kama nyuki. Jirani humwambia, "Kuna mtu anakuteta." Kwenye zahanati wamelitazama sikio: hakuna nta, hakuna usaha. Basi mlio unatoka wapi?

Sauti ikiingia hutikisa kiwambo cha sikio, kisha vifupa vitatu vidogo, hadi sikio la ndani. Huko kuna mfereji uliojizungusha kama nyumba ya konokono. Ndani yake mna maji na chembe zenye vinyweleo, zipatazo 15,000. Chembe hizi hugeuza sauti kuwa umeme mdogo, na mshipa wa fahamu huupeleka kwenye ubongo.

Chembe hizo zikifa haziwi hai tena. Huharibiwa na uzee, na kelele za muda mrefu kama za kinu cha posho, na baadhi ya dawa, kama sindano ya jentamaisini. Kwinini nayo huweza kuleta mlio, lakini mara nyingi huisha baada ya dawa kwisha. Usiikatize dawa mwenyewe, mwambie aliyekupa.

Mlio huja hivi. Redio yako ikikosa stesheni, ukiongeza sauti utasikia mchakacho tu. Ubongo nao ukikosa habari kutoka sikioni hujiongeza nguvu, na mtu husikia sauti isiyokuwapo. Hajarogwa, wala hasingizii.

Sasa, kwa nini tuhofie sikio moja? Mshipa wa kusikia hupita katika tundu jembamba la mfupa, lenye urefu wa sentimita 1 hivi. Humo hupita pia mshipa wa usawa wa mwili na mshipa unaoendesha misuli ya uso. Mara chache, uvimbe huota hapo. Si saratani, nao hukua polepole, lakini ukibana mishipa hiyo huleta mlio upande mmoja, uziwi na kuyumbayumba. Tochi ya daktari haiwezi kuuona.

Ndipo picha ya MRI husaidia. Mashine hiyo hutumia sumaku kali, si mionzi, nayo huonyesha mishipa ya fahamu vizuri. Picha ya CT hutumia mionzi, na huonyesha mifupa vizuri zaidi. Kwa MRI utalala kimya ndani ya mashine yenye kelele nyingi, ukizibwa masikio. Sema mapema kama una mimba, au una chuma au kifaa chochote mwilini.

Lakini si kila mlio unahitaji picha hii ya gharama kubwa. Kwanza sikio litazamwe, kisha usikivu upimwe. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo ikiwa mlio uko upande mmoja tu, unapiga pamoja na moyo, au umekuja na kizunguzungu au upungufu wa kusikia. Uso ukilegea upande mmoja, nenda hospitali mara moja. Sikio likiziba ghafla bila sababu, nenda siku hiyo hiyo, kwa maana matibabu hufaa zaidi yakianza mapema. Kabla ya picha, uliza bima ya SHA italipia kiasi gani.

Na picha ikiwa safi? Hiyo ni habari njema, ingawa mlio waweza kubaki. Washa redio kwa sauti ya chini wakati wa kulala. Ukimya huuzidisha mlio.

Mtoto naye akisema kuna mdudu analia sikioni, usimcheke. Muulize: ni sikio lipi?